Kutoka Barua hadi Mifuko ya Fedha: Uhakiki wa Filamu ya Postal Inspector (1936)

0. Utangulizi

Mwaka 1936 kampuni ya Universal ya Marekani ilitoa filamu ya upelelezi iitwayo Postal Inspector, yaani Mkaguzi wa Posta. Mwongozaji wake alikuwa Otto Brower, na mswada wake uliandikwa na Horace McCoy. Ni filamu fupi, haifikii muda wa saa moja, na ilitengenezwa kwa haraka na kwa fedha chache. Wengi wanaoikumbuka leo ni wapenzi wa mwigizaji Bela Lugosi. Hao huitafuta kwa ajili yake, na humaliza kuitazama wakilalamika kwamba hakupewa kazi ya kutosha.

Hata hivyo, filamu hii inastahili kuangaliwa na watu wa lugha, kwa sababu inagusa kosa ambalo chombo chake ni lugha yenyewe: ulaghai unaofanywa kwa barua. Mwizi wa kawaida huhitaji ufunguo, kisu au giza la usiku. Mlaghai wa posta huhitaji karatasi, stempu na sentensi iliyopangwa vema. Anayeibiwa hajui kwamba ameibiwa mpaka fedha zimekwisha kufika kwa mwenziwe, tena amezipeleka yeye mwenyewe, kwa mkono wake, baada ya kusoma.

Swali linaloulizwa katika makala haya ni hili: je, filamu inalishughulikiaje kosa la maneno? Jibu litakalotetewa ni kwamba filamu inalianza vizuri, kisha inalikimbia. Inatoka kwenye barua na kuhamia kwenye mifuko ya noti, na katika safari hiyo inawapoteza watu ambao kwa ajili yao mkaguzi wa posta aliajiriwa.

1. Muhtasari wa hadithi

Hadithi inaanza angani. Ndege ya abiria imezungukwa na ukungu na rubani haoni njia. Hofu inaanza kuenea. Mwimbaji Connie Larrimore (Patricia Ellis) anasimama na kuwaimbia abiria wenzake wimbo mwepesi kuhusu ndege wa rangi ya buluu, hadi nyoyo zinatulia. Miongoni mwa wasikilizaji wake yumo Bill Davis (Ricardo Cortez), mkaguzi wa posta.

Mjini, Davis anaonekana akiwa kazini. Mashauri ya watu waliodanganywa kwa njia ya posta yanapita mbele ya macho yake, moja baada ya jingine. Ndugu yake, Charlie (Michael Loring), amempenda Connie. Charlie anafanya kazi katika benki na anajua habari isiyopaswa kutoka nje: noti zilizochakaa, zenye thamani ya dola milioni 3, zitasafirishwa kwa posta hadi Washington zikaharibiwe. Charlie anamwambia Connie. Connie, bila nia mbaya, analitamka jambo hilo mbele ya Gregory Benez (Bela Lugosi), mwenye klabu ya usiku anamoimba. Benez amezama katika deni. Mvua zinanyesha, mto unafurika, mji unatumbukia majini, na katika machafuko hayo mifuko inaibwa. Kinachofuata ni kufukuzana kwa mashua za injini katika mitaa iliyojaa maji, hadi Benez anashindwa na sheria inapata ushindi.

2. Filamu ya daraja la pili na wakati wake

Haifai kuihukumu filamu hii kwa vipimo ambavyo haikukusudiwa kuvifikia. Katika miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, majumba mengi ya sinema ya Marekani yaliwavuta watazamaji kwa kuwaonyesha filamu mbili kwa tiketi moja. Ya kwanza ilikuwa filamu ya gharama, yenye nyota wakubwa. Ya pili ilikuwa fupi, ya bei nafuu, iliyotengenezwa kujaza nafasi. Postal Inspector ni ya kundi hili la pili. Tena kampuni ya Universal yenyewe ilikuwa katika msukosuko, kwani mwaka huohuo wa 1936 familia ya Laemmle iliyoiasisi iliondolewa katika umiliki kwa sababu ya madeni.

Brower alikuwa mzoefu wa kazi za aina hiyo. Mwaka 1935 alikuwa amekwisha kushirikiana na B. Reeves Eason kuongoza The Phantom Empire, filamu ya mfululizo iliyomwonyesha Gene Autry, mwimbaji wa nyimbo za wachunga ng'ombe. Mtu wa kazi hizo hujifunza kutopoteza dakika. Uzoefu huo unaonekana: mandhari hayakai, mazungumzo hayarefuki, na mafuriko yanaonyeshwa kwa picha zinazofanana kabisa na zile za filamu za habari. Mtazamaji wa wakati ule hakuhitaji kuelezwa maana ya picha hizo. Mwezi Machi mwaka huohuo mito ilikuwa imefurika kaskazini-mashariki mwa Marekani na kuuzamisha mji wa Pittsburgh.

Kuna jambo jingine la wakati. Mwaka 1935 kampuni ya Warner Bros. ilikuwa imetoa G Men, filamu iliyomgeuza James Cagney, aliyezoeleka kwa sura ya jambazi, kuwa mpelelezi wa serikali. Baada ya hapo kila kampuni ilitafuta afisa wake wa serikali wa kumsifu. Wapelelezi wa benki na wa bunduki wakiwa wamekwisha kuchukuliwa, mkaguzi wa posta alikuwa bado yupo huru.

Mwandishi McCoy hakuwa mtu mdogo. Kabla ya Hollywood alikuwa mwandishi wa gazeti huko Dallas. Mwaka 1935 alitoa riwaya yake They Shoot Horses, Don't They?, inayohusu mashindano ya kucheza dansi ambamo maskini hucheza mchana na usiku kwa matumaini ya zawadi. Wasomaji wa Kifaransa waliipokea kwa heshima baada ya vita, na Sydney Pollack aliifanyia filamu mwaka 1969. Mtu aliyeandika kwa ukali kiasi hicho juu ya tumaini linalouzwa kwa wanyonge ndiye aliyepewa mada ya ulaghai wa posta. Kwa hiyo, msomaji wa riwaya hiyo anapoitazama filamu ana haki ya kutarajia kitu zaidi ya kufukuzana kwa mashua.

3. Sheria ya 1872, au kosa lililomo katika maneno

Ili kupima kile ambacho filamu imekiacha, ni lazima kuikumbuka sheria ambayo mkaguzi wa posta aliisimamia. Bunge la Marekani liliupiga marufuku ulaghai wa kupitia posta mwaka 1872. Katika mwaka huohuo, Aaron Montgomery Ward alianzisha mjini Chicago biashara ya kuuza bidhaa kwa barua, akianza na orodha ya bei. Sadfa hii inafundisha. Posta iliyomwezesha mkulima wa mbali kununua jembe bila kumwona muuzaji, ndiyo iliyomwezesha tapeli kuuza jembe lisilokuwapo. Huduma ya kupeleka barua hadi vijijini, iliyoanza mwaka 1896, na ile ya vifurushi, iliyoanza mwaka 1913, zilipanua milango yote miwili kwa pamoja.

Mwaka 1896 Mahakama Kuu ya Marekani, katika shauri la Durland, ilitoa uamuzi ambao mwanaisimu hawezi kuupita bila kuutazama. Mshtakiwa alidai kwamba hakusema uongo juu ya jambo lililopo. Aliahidi tu mambo yajayo, na ahadi isiyotimia si uongo. Mahakama ilikataa hoja hiyo. Ilishikilia kwamba ahadi iliyotolewa bila nia ya kuitimiza nayo ni ulaghai. Kwa maneno ya sarufi, sheria ilikuwa ikitazama wakati uliopo na uliopita. Kuanzia hapo ikatazama na wakati ujao. Kiambishi "-ta-" kikawa kinaweza kumfikisha mtu gerezani.

Mashauri makubwa ya miaka iliyofuata yalithibitisha umuhimu wa uamuzi huo. Mwaka 1920, mjini Boston, Charles Ponzi aliwaahidi watu faida ya asilimia 50 kwa siku 45, akisema anafanya biashara ya kuponi za kimataifa za kulipia majibu ya barua. Alikiri kosa la ulaghai wa kupitia posta na akafungwa. Mwaka 1933, huko Sioux City katika jimbo la Iowa, alihukumiwa Oscar Hartzell. Huyu alikuwa amewashawishi makumi ya maelfu ya watu wa majimbo ya kati kwamba urithi wa Francis Drake, baharia wa Uingereza aliyefariki mwaka 1596, haujagawanywa bado, na kwamba kila atakayechangia gharama za kuudai atalipwa mara nyingi zaidi. Hizi ndizo hadithi zilizokuwa katika magazeti miaka michache kabla ya filamu kutengenezwa. Mali ghafi haikukosekana.

4. Kulaghai na kuiba

Kiswahili kina utajiri wa vitenzi vya uovu huu: kudanganya, kuhadaa, kulaghai, kurubuni, kughilibu, kutapeli. Kina pia vitenzi vya uovu jirani: kuiba, kunyang'anya, kupora. Tofauti kati ya makundi haya mawili si ya maana tu, bali ni ya sarufi pia. Kuiba hupokea yambwa ya kitu: mtu huiba fedha, huiba mbuzi, huiba mifuko. Ili mtu aingie katika sentensi kama yambwa, kitenzi kinahitaji kunyambuliwa: humwibia jirani. Kulaghai ni kinyume chake. Yambwa yake ni mtu. Husemwi kwamba umelaghai fedha. Husemwa kwamba umemlaghai mtu. Fedha zinakuja baadaye, kama tokeo. Kosa la kwanza linaweza kutendeka nyumba ikiwa tupu. Kosa la pili haliwezekani bila mtu anayesoma au anayesikiliza.

Kipimo hiki kidogo cha sarufi kinaeleza vizuri kinachotokea katika Postal Inspector. Mwanzoni filamu ipo katika uwanja wa kulaghai. Davis yupo ofisini, na mbele yake wapo watu. Katikati, filamu inavuka na kuingia katika uwanja wa kuiba. Yambwa inabadilika: badala ya watu kuna mifuko. Noti zilizomo katika mifuko hiyo hazina mwenyewe anayeweza kulia. Ni mali ya taasisi, tena ni mali iliyokwisha kuhukumiwa kuharibiwa. Katika orodha yote ya vitu vinavyoweza kuibwa, ni vigumu kupata kitu ambacho upotevu wake unamuumiza mtu mmoja mmoja kwa kiasi kidogo kuliko hiki.

Ni haki kueleza kwa nini uvukaji huo ulitokea. Kwanza, sinema hupenda kinachoonekana. Mashua inayokwenda kasi huonekana. Akili ya mtu anayesoma barua na kuanza kuamini haionekani, au huonekana kwa mwigizaji hodari na kwa muda mrefu, vitu viwili ambavyo filamu ya daraja la pili haikuwa navyo. Pili, tangu Julai 1934 kanuni za maadili za kampuni za filamu zilikuwa zikisimamiwa kwa ukali na ofisi ya Joseph Breen. Kanuni hizo zilikataza kuonyesha kinaganaga mbinu za kutenda uhalifu, ili watazamaji wasifundishwe. Kanuni hii ikiwekwa kando ya ulaghai wa barua, tatizo linajitokeza mara moja. Mbinu ya mvunja kabati la fedha inaweza kufichwa nyuma ya mlango, na hadithi ikaendelea. Mbinu ya mlaghai ni barua yenyewe. Ukiificha barua, umelificha kosa lote. Kinachobaki ni malalamiko na pingu.

Hapa kuna jambo la kusikitisha. Katika ulaghai, kuionyesha mbinu ndiyo kinga pekee ya mtazamaji. Anayejua jinsi barua ya tapeli inavyojengwa hataandika barua kama hiyo, ataitambua ikimfikia. Uangalifu uliokusudiwa kumlinda mtazamaji ulimwacha bila silaha.

Hata hivyo filamu haikuyaacha maneno kabisa, na hili ni la kuhesabiwa kama sifa yake. Wizi wa mifuko unawezekana kwa sababu ya mazungumzo. Charlie anamwamini Connie, Connie anamwamini Benez, na siri inapita kutoka kinywa hadi kinywa kama barua isiyo na bahasha. Hapa kuna kinyume cha ulaghai. Mlaghai hufanikiwa kwa neno la uongo linaloaminiwa. Benez anafanikiwa kwa neno la kweli lililotoka kwa kuaminiana. Mwanzo wa filamu nao unaingia katika mpango huu. Ndani ya ndege Connie anawatuliza abiria kwa sauti tamu, ilhali ukungu upo palepale na hatari haijaondoka. Mtazamaji anampenda kwa hilo. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, wahenga walisema, lakini hawakusema ni nani anayeyatamka wala kwa nia gani. McCoy alikuwa ameshika uzi mzuri. Mafuriko yakaukata.

5. Walaghaiwa wako wapi?

Kasoro kubwa ya filamu ni namna inavyowatazama waliolaghaiwa. Hao hupita upesi. Kila mmoja ana dakika zake chache, anahurumiwa, kisha anaondoka, na filamu haimkumbuki tena. Kutokana na haraka hiyo, mtazamaji hupata picha ya mlaghaiwa kama mtu asiye na akili nyingi, au mwenye tamaa. Naye hukaa kitini akiwa na raha, kwa sababu anajiona si mmoja wao.

Shauri la Hartzell linaonyesha jinsi picha hiyo ilivyo finyu. Wengi wa waliomchangia walikuwa wakulima na wafanyabiashara wadogo, watu wenye kazi zao, wanaojua kusoma na kuhesabu. Alipokamatwa, wengi wao hawakumgeukia. Walichanga tena fedha za kumtetea, na kwao kesi yenyewe ilikuwa ushahidi kwamba urithi upo na wakubwa wanauficha. Tamaa peke yake haitoshi kueleza jambo hilo. Katika miaka ya mdororo, benki zilikuwa zimefunga milango, na maneno yenye mihuri halali yalikuwa yameshindwa kutimizwa. Mtu aliyepoteza akiba yake katika benki ya kweli hana sababu kubwa ya kudharau urithi wa kubuni. Ulaghai humea pale taasisi zenyewe zilipowafundisha watu kwamba karatasi zote ni sawa.

Noti zilizochakaa za filamu hii zingeweza kulisema jambo hilo, kwani noti nayo ni barua ya ahadi inayoishi kwa imani ya anayeipokea. Msomaji wa Kongo anayekumbuka noti ya zaïre milioni tano ikikataliwa na wafanyabiashara mwaka 1993, pamoja na ghasia za Kinshasa zilizofuata wanajeshi walipolipwa kwa noti hizo, hahitaji maelezo marefu hapa. Filamu ilikuwa na ishara hii mikononi mwake: karatasi inayokwenda kufa Washington na ambayo bado mtu yuko tayari kuifanyia ujambazi. Iliishia kuitumia kama mzigo wa kukimbiza.

6. Majina, lafudhi na rangi

Kuna kejeli katika orodha ya waigizaji wa filamu hii inayowawinda wenye majina ya uongo. Ricardo Cortez, mkaguzi mwaminifu, alizaliwa Jacob Krantz. Jina la Kihispania alibandikwa katika miaka ya 1920, wakati wanawake wa Marekani walipokuwa wakimlilia Rudolph Valentino na kampuni zilipokuwa zikitafuta sura za kufanana na yake. Bela Lugosi alizaliwa mwaka 1882 akiwa Béla Blaskó, katika mji wa Lugos uliokuwa wakati huo ndani ya ufalme wa Hungaria, na jina lake la jukwaani alilipata kwa mji huo. Baada ya Dracula ya mwaka 1931, lafudhi yake ilikuwa imekwisha kuwa alama ya hatari. Mara tu Benez anapofungua kinywa, mtazamaji anajua ni nani atakayekamatwa mwishoni, kabla hajatenda lolote.

Naye Hattie McDaniel anaonekana kwa muda mfupi kama Deborah, mtumishi wa Connie. Mwaka 1940 alipewa tuzo ya Oscar kwa filamu ya Gone with the Wind, akiwa mtu mweusi wa kwanza kuipata, na huko pia alicheza mtumishi. Katika Postal Inspector hakuna anayemlaghai Deborah kwa barua, wala anayemshuku. Hakuna anayemfikiria kuwa msomaji.

Mambo haya si ya pembeni. Filamu inamfundisha mtazamaji kugawa imani yake kwa kufuata jina, lafudhi na rangi: huyu ni wetu, yule si wetu. Lakini hilo hasa ndilo somo ambalo mlaghai huliomba. Ponzi, mhamiaji kutoka Italia, aliwapata wengi wa wateja wake wa mwanzo miongoni mwa wahamiaji wenzake. Hartzell aliwapata wake kwa sababu aliongea kama jirani yao wa Iowa. Anayeamini kwa kusikia lafudhi ya nyumbani amekwisha kufungua bahasha nusu.

7. Barua zinazotumia jina la Kongo

Mtu anaweza kuuliza kwa nini jambo la Marekani ya 1936 liwashughulishe wasomaji wa jarida la Kiswahili nchini Kongo. Jibu ni kwamba nchi hii imekuwa, bila kutaka, sehemu ya historia ya kosa hilo. Mobutu Sese Seko alipoondolewa madarakani Mei 1997, na kufariki mjini Rabat tarehe 7 Septemba mwaka huohuo, barua zilianza kusambaa duniani zikitumia jina lake. Zilikuja kwanza kwa posta na kwa faksi, kisha kwa barua-pepe. Mwandishi wake hujiita mjane, mtoto au afisa wa zamani. Husema kwamba mamilioni ya dola yamefungiwa mahali fulani, na kwamba anahitaji mgeni mwaminifu wa kumsaidia kuyatoa. Mgeni atapata sehemu yake. Kwanza lakini zipo gharama kidogo za kulipwa.

Muundo wa barua hizi ni wa kale. Katika karne ya 19 barua za aina hiyo zilitumwa Ulaya na Marekani zikimhusu mfungwa tajiri aliyezuiliwa Hispania. Ukizichambua, utaona hatua zilezile: salamu zenye heshima kupita kiasi; msiba unaoamsha huruma; hazina; sharti la siri; na mwisho ombi dogo. Hatua ya siri ndiyo msingi wa zote, kwani humtenga msomaji na wale ambao wangemshauri. Katika barua ya kawaida ya Kiswahili, salamu humfikia mtu pamoja na jamaa zake: mpe salamu fulani, na fulani, na majirani wote. Barua ya tapeli haimsalimu jirani. Inataka msomaji aliye peke yake.

Uongo huo ulisimama juu ya mguu mmoja wa ukweli, kwa kuwa utajiri wa Mobutu ulikuwa umeandikwa katika magazeti ya dunia nzima. Mguu wa pili ulikuwa wazo alilokuwa nalo msomaji wa mbali tangu zamani, kwamba Afrika ni mahali ambapo hazina hulala bila mwenyewe. Aliyeamini barua hizo hakuidanganya akili yake tu. Aliridhia pia kuchukua fungu la mali ambayo, kama ingekuwapo, ingekuwa ya Wakongomani. Hapa huruma ya mhakiki inakutana na hukumu yake, na vyote viwili vina nafasi. Filamu ya 1936, iliyowagawa watu kuwa walaghai na walaghaiwa, haina chumba cha kumweka mtu wa namna hii.

8. Hitimisho

Postal Inspector si filamu mbaya. Ina kasi, ina nyimbo mbili za Frank Loesser na Irving Actman zisizochosha, ina mafuriko yanayotazamika, na ina mwandishi ambaye alijua zaidi ya alichoruhusiwa kusema. Kosa lake ni kwamba ilipewa uhalifu wa kusoma na kuandika, ikaubadilisha kwa uhalifu wa kubeba na kukimbia. Ilitangaza kwamba serikali inamlinda raia dhidi ya maneno ya uongo, lakini haikumwonyesha raia hata neno moja la uongo jinsi linavyofanya kazi.

Pengo hilo halikuzibwa na filamu zilizofuata, wala haliwezi kuzibwa na wakaguzi peke yao. Mkaguzi hufika baada ya bahasha kufunguliwa. Anayeweza kufika kabla ni mwalimu wa lugha. Katika vyuo na shule, barua hufundishwa kama umbo: anwani hapa, tarehe pale, salamu, kiini, tamati. Mwanafunzi hufundishwa kuiandika barua ya heshima. Ni nadra kufundishwa kuishuku. Ingefaa barua za ulaghai ziingie darasani kama matini nyingine, zichambuliwe viambishi na vitenzi vyake, ahadi zake za wakati ujao, salamu zake zisizo na jirani, ombi lake dogo la mwisho. Kazi hiyo haihitaji mashua za injini wala dola milioni 3. Inahitaji ubao, chaki na barua moja iliyosomwa polepole, mbele ya watu wengi.